Ubao wa Mwaloni

Jioni ile Zenzi Eibl alikuwa anapeleka maziwa tu. Mtungi mgongoni, kitambaa kichwani, viatu vya mbao vikigonga mawe ya njia, ko, ko, ko, kama kila jioni tangu alipoolewa kijijini kwetu Irlreut. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya msitu. Mwanzo wa mwezi wa nane, joto, shayiri imesimama shambani inangoja kukatwa.

Huo ndio mwaka ambao wakubwa wa mjini waliamua kwamba vijiji vidogo kama chetu visiwe tena na halmashauri yao wala meya wao, vimezwe na jirani mkubwa. Meya wetu wa mwisho, Ignaz Raml, lilimuuma sana jambo hilo. "Kabla hawajatufuta," alisema kilabuni huku akipiga meza, "tutaisherehekea historia yetu mpaka povu la bia lifike darini!" Akachagua siku ya Kupalizwa Mbinguni Mama Maria, katikati ya mwezi wa nane. Na katika historia yote ya Irlreut, alichokipenda kuliko vingine ni mbao za maiti.

Mbao hizo tumekua nazo. Mtu akifa alilazwa juu ya ubao mpaka siku ya kuzikwa, kisha ubao ukaandikwa jina lake na kusimamishwa njiani, ili apitaye alisome na kumwombea Baba Yetu moja. Basi. Hakuna anayeutunza. Unaachwa unyeshewe, uote ukungu, uoze, uanguke. Siku unapoanguka ndipo roho inapotoka toharani. Ndiyo maana watu walichagua msonobari, mti laini. Bibi yangu mzaa mama, namsikia mpaka leo, alimwambia seremala akiwa bado mzima wa afya: "Mimi unipe mti mbovumbovu, baba. Sina mpango wa kukaa sana huko."

Ubao wa Alois, mume wa Zenzi, ulianguka wakati theluji inayeyuka mwaka huohuo. Zenzi alioka mikate akawagawia majirani. "Mzee wangu amefika kwake," alisema, analia huku anacheka.

Sasa, jioni hiyo, alipofika penye kikanisa cha njia panda, akakuta mbao za kale zimekusanywa kutoka majanini, zimekwanguliwa, zimepakwa vanishi, zimesimamishwa upya chini ya paa la bati. Zinang'aa kama makabati ya bibi harusi. Na ule wa mbele kabisa umeandikwa kwa rangi nyeusi iliyokuwa bado inanuka:

ALOIS EIBL.

Zenzi alishika nguzo ya paa asianguke.

"Alois?" alinong'ona. "Wamekurudisha?"

Hapakuwa na upepo. Majani ya mti wa kikanisani hayakutikisika. Lakini baridi ilimpanda kutoka nyayoni... baridi ya kiini cha kipupwe, ile inayouma kucha. Na harufu. Moshi. Moshi wa mkaa.

Angekimbia, lakini mtu humkimbiaje mumewe? Akapiga ishara ya msalaba, akasema kwa sauti ile ya kumwita mume mezani: "Haya, Alois, mzee wangu. Kama wamekutoa huko ulikokuwa, usisimame njiani kama mwombaji. Njoo nyumbani."

Hivyo ndivyo alivyosema. Kwa jina, na kwa moyo mweupe.

*

Kesho yake giza lilipoanza kuingia, mlango uligongwa.

Ko. Ko. Ko.

Polepole, kama mkono uliokufa ganzi.

Zenzi alifungua. Kizingitini hakuna mtu. Baridi ilimpita begani ikaingia ndani, na ile benchi ndefu iliyozunguka jiko ikalia mlio wake wa siku zote mtu akiikalia.

Mjane wa miaka mingi, binti yake wa pekee yuko mjini, nyumbani inasikika saa ya ukutani tu. Tusimcheke. Alimwekea bakuli la supu ya maziwa. Akakaa upande wa pili akifuma sweta yake ya sufu, akamhadithia habari za ng'ombe, habari za Vroni binti yao aliyejifungua mtoto wa kiume, na jinsi mtoto huyo atakavyobatizwa siku ya sherehe, hapahapa Irlreut, kwa jina la babu yake.

"Ataitwa Alois," alisema. "Umesikia? Jina lako linarudi."

Benchi ililia. Kitu kilikuwa kimesogea karibu.

Asubuhi supu ilikuwa imeganda kuwa barafu, bakuli limepasuka katikati. Na juu ya benchi, vumbi jeusi. Aliligusa kwa kidole. Mkaa.

Ikawa hivyo kila jioni. Akawa anamngoja. Watu walimwona amevaa koti la kipupwe wakati wa mavuno, midomo ya bluu, na walipomuuliza alicheka tu. Ncha za vidole vyake zikaanza kuwa nyeusi. Mwenyewe alisema ni maji ya majivu ya kufulia.

Kilichomzindua ni kitu kidogo sana. Jioni moja mlango ukagongwa, naye yuko na mikono kwenye unga, akapaza sauti kwa hasira ya kawaida tu ya mke: "Wewe nawe! Tangu lini unabisha hodi?"

Maneno yakamrudia mwenyewe.

Tangu lini?

Alois hakuwahi kubisha mlango wa nyumba yake hata siku moja. Alikuwa akiusukuma kwa bega, viatu vina matope, anauliza kuna nini cha kula. Na Alois alinuka ng'ombe na tumbaku. Kwa mkaa hakuwa na habari kabisa; hata jiko aliliwasha yeye Zenzi.

Mlango ukagongwa tena. Ko. Ko. Ko.

Zenzi alisimama, unga unamdondoka vidoleni. Hakufungua. Alisikia kitu kikihema kwenye tundu la ufunguo, na kulipopambazuka mlango wote kwa nje ulikuwa umevaa barafu.

*

Alikwenda moja kwa moja karakanani kwa seremala Hartl.

"Hartl, ule ubao wa mume wangu. Uliutoa wapi?"

Hartl akatoa penseli sikioni, akajikuna nayo. "Umependeza, sivyo? Huo utakaa mpaka wajukuu wa wajukuu."

"Nimekuuliza umeutoa wapi."

"Sasa mbona macho hivyo, Zenzi? Haya, nikwambie ukweli. Wa Alois ulikuwa umeoza, ulinimegekea mikononi kama mkate. Niliusukumia kijitoni. Lakini meya anataka majina, na mimi nikaona aibu Alois akose siku ya sherehe, mtu tuliyekunywa naye. Nikapata ubao mwingine kule kwenye vichaka vya bondeni. Mwaloni! Mzima, unalia kama kengele ukiugonga, wala haukuwa na jina la mtu. Nikaandika la Alois. Bia moja tu utanilipa."

Zenzi alikaa juu ya gogo. Machozi yalimtoka, ya furaha kwanza. Ubao wake umeoza. Umekwenda na maji. Alois wake yuko salama, hakuna aliyemrudisha, hajawahi kutoka huko aliko.

Halafu furaha ikamkauka usoni.

Kama Alois yuko huko... nani amekuwa akikaa kwenye benchi?

*

Aliyejua alikuwa mmoja tu, Bi Burgl, mdogo wa marehemu mama mkwe wake, bibi asiye na jino hata moja, mdomo mchafu, pua imejaa ugoro. Alimkuta amekaa uani anachambua maharage.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama mdogo."

"Milele amina. Umekuja kunizika? Mbona umevaa koti?"

Zenzi akamweleza yote, kwa kunong'ona. Bi Burgl aliposikia neno mwaloni, mikono yake ilisimama juu ya maharage.

"Mpumbavu huyo Hartl," alisema. "Mama yake naye alikuwa mpumbavu." Akavuta ugoro kidogo. "Nilikuwa mtoto. Zilikuwa siku zile kumi na mbili kati ya Krismasi na sikukuu ya Wafalme Watatu. Unajua mwenyewe, siku hizo giza likishika hakuna afunguaye, maana jeshi la wafu liko njiani linabisha milango, na anayelifungulia linaondoka naye. Theluji ilikuwa mpaka madirishani. Akaja mtu, mchoma mkaa kutoka upande wa pili wa mpaka, amepotea. Akabisha nyumba ya kwanza. Ya pili. Kijiji kizima, mwanangu. Sote tulisikia. Kila nyumba ilizima taa ikasali."

"Na hakuna..."

"Ya mwisho ilikuwa hiyo yenu. Dada yangu alikuwa bibi harusi mpya. Aliniambia alipokuwa anakufa: yule mtu alisema mlangoni, 'Mama, mimi ni mtu, mimi ni mtu.' Na yeye akaweka mto masikioni. Asubuhi tulimkuta chini ya dirisha lenu, amekaa, mkono umeinuliwa hivi." Bi Burgl aliinua ngumi yake ndogo hewani. "Tulilazimika kumzika na mkono wake juu. Nani angemtafutia mtu huyo ubao mzuri? Waling'oa mmoja wa sakafu ya kupuria nafaka. Mwaloni. Kwa haraka tu, kwa aibu. Wakautupa vichakani bila jina, kwa kuwa jina lake hatukuliuliza."

"Mwaloni hauozi," Zenzi alisema polepole.

"Hauozi. Na sasa wamempaka na vanishi." Bi Burgl alipenga pua. "Na wewe umemwambia karibu nyumbani kwa jina la mumeo. Jina hilo analo sasa, Zenzi. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo uchi, umpe koti halafu umwambie avue?"

"Mama mdogo... kesho Vroni anakuja na mtoto. Keshokutwa wanambatiza. Alois."

Maharage yalimwagika yote.

"Mtoto asipewe jina hilo!" Bi Burgl alimshika mkono, akaviona vidole vyeusi. "Utakuwa umemwita huyo aingie ndani ya mtoto. Umenisikia? Asipewe!"

*

Meya Raml hakutaka kusikia habari ya kufuta jina. "Mama Eibl, mpiga picha wa gazeti ameshaitwa. Unataka nimwonyeshe ubao uliokwanguliwa?" Kisha, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya: "Mwakani hata jina la kijiji litaondoka kwenye kibao cha barabarani. Majina haya ndiyo tuliyobaki nayo. Niachie hayo."

Vroni alifika na basi la jioni, mtoto kifuani, mumewe angefuata na wasimamizi wa ubatizo. Zenzi alijaribu kumwambia. Alianza vizuri, akaharibu katikati.

"Mama, umelewa?" Vroni alisema. "Nilipokuandikia kwamba ataitwa jina la baba ulilia wiki nzima, mwenyewe ulinijibu hivyo. Leo unaniambia jina la baba ni uchawi?"

"Jina la baba yako ni zuri. Ila kwa sasa lina mtu."

"Lina mtu! Kama choo cha treni?"

Wote wawili wakacheka, hawakuweza kujizuia. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda chake kidogo kando ya jiko. Nje giza lilikuwa linaingia, harufu ya maua waliyoyafunga ili yabarikiwe kanisani kesho imejaa jikoni.

Ikaja harufu nyingine juu yake.

Moshi.

Ko. Ko. Ko.

"Huyo atakuwa Bi Burgl," Vroni alisema, akainuka.

"Kaa chini."

"Mama..."

"Kaa, mwanangu. Nakuomba."

Vroni aliangalia uso wa mama yake, akaacha kucheka. Akaita kutoka hapo alipo: "Nani?"

Ikajibu sauti, ya chini, kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuitumia.

"Alois."

Baba yake alipokufa, Vroni alikuwa mkubwa wa kutosha kuikumbuka sauti yake. Hii haikuwa sauti ya baba yake. Alimnyakua mtoto, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Zenzi alikwenda mlangoni. Aliweka kiganja juu ya mbao, na mbao zikamng'ata kwa baridi.

"Baba," alisema, maana hakujua amwiteje. "Baba mgeni. Najua wewe ni mtu. Walikosa wale waliokufungia mlango. Mama mkwe wangu alikosa. Tuambie jina lako la kweli, niliandike mwenyewe kwenye ubao wako, nikusalie kila nipitapo. Lakini hilo ulilolitaja lina mwenyewe. Utuachie."

Mtoto alianza kunung'unika.

"Nimelisahau," ikasema sauti.

Kisha, karibu zaidi, kana kwamba mdomo umegusa mlango:

"Hili nimepewa."

Zenzi alilia. Alijua kwamba ameukomea mlango uleule, juu ya mtu yuleyule, kama alivyofanya yule bibi harusi. Kama angekuwa peke yake, aliniambia baadaye, angefungua, na liwe liwalo. Lakini nyuma yake kulikuwa na mtoto. Alichukua mkate, akafungua kidirisha cha juu ya mlango kiasi cha mkono kupita, akausukuma nje. Hakutazama. Hakuusikia ukianguka chini.

Wote wawili walikesha wameshikana. Kulipokucha mkate ulikuwa kwenye jiwe la kizingiti, mgumu kama tofali, na alama za meno.

*

Kanisani padri aliuliza: "Mtoto huyu mnampa jina gani?"

Zenzi alimtazama bintiye. Baba wa mtoto alishafungua mdomo kulitaja lile walilopatana. Na hapohapo, nyuma kabisa, mlango mkubwa wa kanisa...

Ko.

Watu waligeuka. Walidhani ni mchelewaji.

"Emmeram," Vroni alisema haraka, kwa nguvu, jina la mtakatifu wa parokia yake ya mjini, la kwanza lililomjia. Mumewe alimtazama kama mwendawazimu. "Emmeram, Baba Padri. Mmwagie maji."

Padri akamwagia. Mlango haukugongwa tena. Zenzi alipumua, mara ya kwanza tangu juzi, na mimi jirani yake, niliyekaa kando, nikaona amevaa glovu kuvificha vidole vyake.

Kisha ikaja sherehe, kule njia panda. Tarumbeta, bendera, soseji, watoto wamevaa nguo za kale. Meya Raml alipanda juu ya gari la kubebea nyasi na kofia yake mkononi. Sauti ilimkatika alipozungumzia Irlreut, na wanaume wengi walitazama viatu vyao. Akasema sasa atayasoma majina ya marehemu wetu kwenye mbao, moja baada ya jingine, tukae kimya tuwakumbuke.

Alisoma. Baada ya kila jina, kimya, nzi, mbali kengele ya ng'ombe.

"Alois Eibl."

"Nipo."

Ilitoka nyuma yetu, upande wa mbao. Si kwa kelele. Kama mtu anayeitwa shambani na bosi wake. Hakuna aliyekuwa amesimama huko. Sote tulikuwa mbele, tumemwelekea meya. Sote tulisikia. Bi Burgl alipiga magoti papo hapo kwenye vumbi. Meya aliangalia watu, akasoma jina linalofuata, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ndogo.

Lakini Zenzi hakuwa anatazama mbao. Alikuwa anamtazama mjukuu wake mikononi mwa Vroni. Mtoto mchanga, shingo haijakaza bado, alikuwa amegeuza kichwa chote kuielekea ile sauti. Anatabasamu.

*

Jina la kijiji waliliondoa mwaka uliofuata. Mbao zipo. Ule wa mbele bado ni mzima, na wageni wanaopita kwa baiskeli hulisoma jina kwa sauti, kwa heshima, bila kujua. Zenzi aliuendea jioni moja na shoka; shoka liliruka likarudi, na mkono wenye vidole vyeusi haukuwa na nguvu ya kurudia. Baada ya hapo alipita njia ya mashambani. Mpaka kufa kwake hakulitamka tena jina la mumewe, hata katika sala. Alisema tu: baba yake Vroni.

Kila mwaka, zile siku za kati ya Krismasi na Wafalme Watatu, aliacha mkate dirishani. Nasi majirani tukaanza kuacha wa kwetu. Hatukuambizana.

Emmeram sasa ni mtu mzima, mpole, fundi wa saa mjini, hana neno na mtu. Ila ukimwita kwa jina lake, anachelewa kidogo kuitika, kama mtu anayedhani anaitwa mwingine. Kipupwe kilichopita alikuja kunitembelea, akanisaidia kubeba kuni. Tukapita njia panda. Kulikuwa na mtalii pale, msichana wa watu, ameinama anajisomea mbao moja moja.

"Alois Eibl," alisoma.

Emmeram aliweka kuni chini.

"Naam?" alisema.